Kukanda Tumbo kwa Joto: Manufaa, Mipaka na Hatari Zake

Katika kata ya Izigo, wilayani Muleba, kama ilivyo katika vijiji vingi vya mkoa wa Kagera, tumbo linapomsokota mtu usiku jambo la kwanza linalofanyika nyumbani ni kubandika maji motoni. Mgonjwa hukandwa kwa kitambaa, au huwekewa tumboni mfuko wa mpira wenye maji ya moto, naye baada ya muda hupata usingizi. Desturi hii ni ya kale, haina gharama kubwa, na kwa sehemu yake ina ukweli ndani yake. Hatuandiki sura hii ili kuwakataza watu kukanda. Tunaiandika kwa sababu joto lililotumika vibaya huunguza, na joto lililotumika vizuri mno huweza kumfariji mgonjwa hata akachelewa kutafuta tiba ya ugonjwa unaomla ndani kwa ndani.

Tuchukue mfano, ambao tumeutunga wenyewe ili kufafanua jambo. Mama mkulima wa migomba na kahawa ameumwa tumbo la chini kwa miezi minne. Huenda haja kubwa mara tano au sita kwa siku, mara nyingine choo kikiwa na makamasi na damu. Jirani amemwambia kuwa hivyo ni vidonda vya tumbo, naye amenunua dawa za vidonda vya tumbo mara tatu bila nafuu. Kinachomsaidia ni mfuko wa maji ya moto tu. Ameuweka tumboni kila usiku, na ngozi ya tumbo sasa imechorwa mistari myeusi kama wavu wa kuvulia samaki. Gauni zake zinampwaya. Je, mama huyu amekosea kutumia joto? La. Amekosea kuamini kwamba nafuu ya usiku mmoja ni dalili ya kupona. Yafuatayo ni maelezo ambayo tungependa ayasome yeye, na kila aliye katika hali kama yake.

Ugonjwa tunaouzungumzia

Mchochota ni hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kuwa nyekundu, kupata joto na kuuma. Mchochota wa utumbo ukidumu kwa miezi au miaka, ukipungua na kurudi tena, huitwa mchochota sugu wa utumbo. Magonjwa mawili hasa hubeba jina hilo duniani. La kwanza ni kolaitisi ya vidonda, ambayo hushambulia ukuta wa ndani wa utumbo mpana. La pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari Burrill Crohn wa New York, ambaye pamoja na wenzake wawili aliueleza mwaka 1932. Huu huweza kushambulia mahali popote kuanzia kinywani hadi kwenye njia ya haja kubwa, na hupenya ndani zaidi ya ukuta wa utumbo. Katika magonjwa yote mawili kinga ya mwili huushambulia utumbo wenyewe. Hayaambukizwi, na hayaletwi na uchafu wa mgonjwa, laana wala husuda ya jirani.

Maumivu yake hutoka mahali pawili. Kuna maumivu ya mchochota wenyewe, yaani kidonda kilicho wazi kwenye ukuta wa utumbo. Na kuna maumivu ya msokoto, yaani misuli ya utumbo kujikaza kwa nguvu inapojaribu kusukuma vilivyomo kupita mahali palipovimba au paliposinyaa. Tofauti hii inafaa kukumbukwa, kwa sababu joto husaidia zaidi msokoto, na haligusi kidonda.

Tunapaswa pia kutenganisha ugonjwa huu na vidonda vya tumbo, jina ambalo kwetu limekuwa kapu la kutupia kila aina ya maumivu ya tumbo. Vidonda vya tumbo huwa kwenye mfuko wa chakula au mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na kwa kawaida huuma juu ya kitovu. Mtu anayeumwa chini ya kitovu, anayeharisha kwa wiki nyingi na kuona damu mbichi au makamasi kwenye choo, hana sababu ya kuendelea kununua dawa za vidonda vya tumbo kwa kubahatisha.

Kwa nini joto hutuliza

Katika ngozi mna miisho ya mishipa ya fahamu yenye vipokezi vinavyotambua joto. Kimoja kati ya hivyo kilitambuliwa mwaka 1997 na maabara ya David Julius huko California, na ugunduzi huo ulikuwa miongoni mwa yaliyompatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Kipokezi hicho huamka joto linapofika takriban nyuzi 43 za Selsiasi. Hicho hicho huamshwa na ukali wa pilipili, ndiyo maana Mswahili akila pilipili husema kinywa kinawaka moto. (Tahadhari: hilo si ruhusa ya kupaka pilipili tumboni. Ukali wake huweza kuichubua ngozi.)

Habari za joto kutoka kwenye ngozi ya tumbo na habari za maumivu kutoka kwenye utumbo ulio chini yake hukutana katika uti wa mgongo kabla ya kupanda kwenye ubongo. Joto la ngozi linapokuwa na nguvu ya kutosha, hupunguza nafasi ya maumivu kupita. Zaidi ya hapo, joto hulegeza misuli ya tumbo iliyokazwa kwa maumivu, hupanua mishipa ya damu ya ngozini, na humtuliza mgonjwa mwenyewe, ambaye hofu na kukosa usingizi humwongezea maumivu.

Nguvu ya joto la kiasi imewahi kupimwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 kuhusu maumivu ya hedhi ulionyesha kuwa kiraka cha joto la nyuzi 39 hivi, kilichovaliwa tumboni, kilipunguza maumivu kwa kiasi kinacholingana na vidonge vya ibuprofeni. Tunautaja ili msomaji aone jambo moja: joto la kutuliza tumbo halihitaji kuwa la kuunguza. Nyuzi 39 ni joto la mtu mwenye homa tu. Lakini hakuna kiasi cha joto la ngozini kinachozima mchochota wa utumbo. Mkono wa mpishi unaweza kulainisha unga, hauwezi kuzima moto ulio chini ya chungu.

Joto linalounguza

Watu wengi hudhani kuwa kuungua hutokana na maji yanayotokota tu. Sivyo. Kuungua hutegemea mambo mawili, ukali wa joto na muda wa kugusa. Watafiti Moritz na Henriques walionyesha mwaka 1947 kuwa ngozi ya mtu mzima huungua kwa sekunde tano hivi katika nyuzi 60, na kwamba hata nyuzi 44 tu, ambazo mkono huzivumilia, huunguza zikikaa mahali pamoja kwa saa sita. Kwa hiyo mfuko ulioonekana wa vuguvugu saa nne za usiku huweza kumwachia mgonjwa malengelenge alfajiri, endapo amelala juu yake. Kanuni ya kwanza ya sura hii ndiyo hii: usilale na chombo cha joto tumboni.

Ni vema pia kukumbuka malalamiko ya muda mrefu ya wahudumu wa afya kuhusu akina mama waliojifungua, ambao hukandwa kwa maji ya moto mno na wengine huungua. Anayekanda hushika kitambaa kwa kiganja kilichozoea sufuria za moto, ilhali ngozi ya tumbo ni laini kuliko kiganja. Joto lipimwe kwa upande wa ndani wa kiwiko cha mgonjwa mwenyewe, si kwa kiganja cha anayemhudumia.

Kupima joto kwa vikombe

Nyumba nyingi hazina kipimajoto, lakini kila nyumba ina kikombe. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji ya kwetu huchemka karibu na nyuzi 96, si 100. Maji ya mtungini yaliyokaa ndani ya nyumba huwa na nyuzi 21 hivi. Kwa hesabu hiyo, vipimo vifuatavyo vinatosha.

Kikombe kimoja cha maji yanayochemka kwa kimoja cha maji baridi hutoa takriban nyuzi 58. Hayo ni ya kujaza mfuko wa mpira tu, nao lazima ufunikwe kwa kitambaa. Yasiguse ngozi.

Kikombe kimoja cha maji yanayochemka kwa viwili vya maji baridi hutoa takriban nyuzi 46. Hayo ni ya kuchovya taulo la kukandia. Taulo likikamuliwa na kukunjuliwa hupoa haraka, na hufika tumboni likiwa na joto la kufaa.

Kikombe kimoja kwa vitatu hutoa takriban nyuzi 40. Hayo ni ya kuogea au ya kuketi ndani ya beseni.

Maji yachanganywe kwenye ndoo au jagi kwanza, yakitangulia yale baridi, kisha yamiminwe yanakokwenda. Asiwepo anayeongeza maji ya moto kwenye beseni ambalo mgonjwa ameketi ndani yake. Maji ya kwenye chupa ya chai yahesabiwe kuwa ni ya moto, hata kama yametiwa humo tangu saa kadhaa.

Kuchagua na kutumia chombo

Mfuko wa mpira wa maji ya moto ndicho chombo bora kwa matumizi ya nyumbani, nao huuzwa katika maduka ya dawa mjini. Kabla ya kulipa, mnunuzi afungue kizibo na atazame kama kina pete ya mpira ndani na kama nyuzi zake zinakaza barabara. Aukunje mfuko na kuangalia kama mpira una nyufa. Mifuko mingi iliyotengenezwa kwa kufuata kiwango cha Uingereza, BS 1970, huwa na alama ya ua shingoni. Tarakimu zilizo katikati ya ua ni mwaka wa kutengenezwa, na petali zake kumi na mbili ni miezi. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani, hivyo mfuko wenye umri wa miaka miwili au zaidi haufai kununuliwa, na ule wa nyumbani ubadilishwe ukifika umri huo au ukionyesha ufa, lolote litakalotangulia.

Mfuko ujazwe hadi theluthi mbili. Ulazwe kidogo ili hewa itoke, kisha ufungwe na kugeuzwa chini juu kuhakikisha kuwa hauvuji. Uvingirishwe katika kitambaa au kanga iliyokunjwa mara mbili. Uwekwe juu ya tumbo, wala mgonjwa asiulalie kifudifudi, kwani uzito wa mwili huweza kuupasua. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Ngozi itazamwe, ipumzishwe kwa muda usiopungua huo, ndipo joto lirudiwe ikihitajika.

Mfuko wa umeme unaochajiwa umekuwa maarufu kwa kuwa hauhitaji kuni. Uchajiwe ukiwa umewekwa mezani, mbali na mwili, na uchomolewe kwenye soketi kabla ya kutumiwa. Ukivimba isivyo kawaida, ukivuja au ukinuka, usitumike tena. Wala usitobolewe ili kuongezwa maji.

Chupa ya plastiki ya maji ya kunywa au ya soda haifai kabisa. Plastiki hiyo hulegea kwenye maji ya nyuzi 70 hivi, hujikunja, na kizibo huweza kuachia maji yote kitandani. Akina mama wengi huitumia kwa kuwa haina gharama. Taulo lililochovywa halina gharama pia, nalo ni salama zaidi.

Chumvi, mchele au mchanga uliokaangwa na kufungwa kitambaani huhifadhi joto vizuri, lakini hauna kipimo: huweza kuwa na nyuzi zaidi ya mia moja bila kutoa mvuke wa kumwonya mtu. Anayeutumia asubiri hadi aweze kuushika mkononi kwa utulivu kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Jiwe au tofali lililotoka motoni lisitumike.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa mgonjwa. Mvua za Bukoba na Muleba ni nyingi, na kwenye masika watu hushawishika kuleta jiko ndani, kufunga madirisha na kulala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini. Maji yachemshwe jikoni na kupelekwa chumbani, na jiko libaki lilipo.

Endapo mtu ameungua, mahali hapo pamiminiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta, yai na asali visipakwe. Malengelenge yasitumbuliwe, na kidonda kilichozidi ukubwa wa kiganja cha mgonjwa kipelekwe kituo cha afya.

Alama za wavu ni barua ya mwili

Yule mama wa mfano wetu alikuwa na mistari myeusi kama wavu tumboni. Hali hiyo hutokana na joto la wastani linalorudiwa mahali pale pale kwa majuma na miezi, lisilotosha kuunguza lakini linalotosha kuharibu rangi na mishipa midogo ya ngozi. Zamani huko Ulaya ilionekana kwenye miguu ya wazee waliozoea kuota moto. Mtu akiacha joto mapema, alama hizo huweza kufifia. Akiendelea kwa miaka, hubaki, na mara chache sana ngozi hiyo huweza kugeuka kuwa saratani.

Kwetu alama hizo zina maana ya pili, iliyo kubwa zaidi. Ngozi ya tumbo yenye wavu humwambia kila aionaye kuwa mtu huyu ameumwa kwa muda mrefu na ametumia joto kama tiba yake pekee. Asiifiche. Amwonyeshe daktari, kwa maana inaeleza historia ya ugonjwa wake.

Wasiopaswa kukandwa bila ushauri

Mtu mwenye kisukari cha muda mrefu, aliyepooza, au mwenye ganzi ya tumbo au mapaja, huweza kuungua bila kuhisi. Vivyo hivyo aliyelewa, aliyekunywa dawa za usingizi, mzee dhaifu na mtoto mdogo. Mwenye jipu, usaha au tundu karibu na njia ya haja kubwa, jambo linalotokea katika ugonjwa wa Crohn, amwone mganga kabla ya kuweka joto hapo. Mwenye mshono mbichi wa upasuaji asiweke joto juu yake. Mjamzito asijitibu maumivu ya tumbo kwa joto, bali apimwe, kwani maumivu hayo huweza kuwa uchungu wa mapema au mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba.

Dalili za kuacha kukanda na kuondoka nyumbani

Mtu aliyezoea ugonjwa wake hujua maumivu yake ya kawaida. Maumivu yaliyobadilika tabia yasikandwe. Tunamshauri mgonjwa na walio naye kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku, wanapoona lolote kati ya haya:

Tumbo kuwa gumu kama ubao, au kuuma zaidi linapoguswa au mgonjwa anapokohoa.

Maumivu yaliyoanza kitovuni na kuhamia chini upande wa kulia, ambayo huweza kuwa kidole tumbo.

Tumbo kujaa na kuvimba, pamoja na kutapika na kutopata choo wala kutoa hewa.

Homa pamoja na maumivu, au kutetemeka.

Damu nyingi kwenye choo, choo cheusi kama lami, au kuharisha damu zaidi ya mara sita kwa siku.

Kizunguzungu, kuzimia, moyo kwenda mbio, au mkojo kupungua sana.

Mwenye kutumia prednisoloni awe mwangalifu maradufu. Dawa hiyo hufunika dalili, hata utumbo uliotoboka huweza usiume kwa kiwango kinachotarajiwa. Kwake yeye hata maumivu ya wastani yaliyo mageni ni sababu ya kuonwa na daktari.

Kwa nini ni lazima ugonjwa utambuliwe

Katika eneo letu yapo magonjwa mengine yanayojifananisha na mchochota sugu wa utumbo, na yote huitikia joto kwa namna ile ile, yaani hutulia kidogo na kuendelea. Kichocho cha tumbo hupatikana kandokando ya Ziwa Victoria. Minyoo yake huishi katika mishipa ya damu ya utumbo, na mayai yake hukwama kwenye ukuta wa utumbo na kuusababishia mchochota, maumivu na damu kwenye choo. Hutibiwa kwa dawa ya prazikwanteli. Kifua kikuu nacho huweza kukaa kwenye utumbo, tena hupenda mahali pale pale penye ugonjwa wa Crohn, upande wa chini kulia, kikifuatana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Amiba huleta kuhara damu. Saratani ya utumbo mpana haipaswi kusahauliwa, hasa kwa waliozidi miaka 45.

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Dawa zinazotumika kutuliza mchochota sugu, kama prednisoloni na azathioprini, hufanya kazi kwa kupunguza nguvu za kinga ya mwili. Zikipewa mtu mwenye kifua kikuu au amiba ambayo haijatambuliwa, huufungulia ugonjwa huo mlango. Hivyo mgonjwa asinunue prednisoloni dukani kwa sababu ilimsaidia jirani, na aliyeandikiwa asiikatishe ghafla kwa sababu amepata nafuu, kwa kuwa mwili huhitaji kuzoeshwa kidogo kidogo kuiacha.

Safari ya kutambua huanzia karibu. Zahanati na kituo cha afya huweza kupima choo kwa ajili ya mayai ya kichocho na amiba, wingi wa damu, na virusi vya UKIMWI. Wilaya ya Muleba ina hospitali za Rubya, Kagondo na Ndolage, na Bukoba mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Uthibitisho wa mwisho wa kolaitisi au ugonjwa wa Crohn huhitaji kuchungulia utumbo kwa kamera na kukata kinyama cha kupimwa, huduma ambayo kwa kawaida hutolewa katika hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Ni safari ndefu, kwa basi au kwa meli, nasi hatuichukulii kuwa jambo dogo kwa mkulima. Ndiyo sababu tunashauri aende na barua ya rufaa na majibu yake yote ya vipimo, ili asirudie gharama alizokwisha kulipa.

Dawa zinazokwenda pamoja na joto

Anayehitaji dawa ya maumivu pamoja na joto aanze na parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo ndizo hununuliwa zaidi, huweza kuuchochea mchochota wa utumbo na kusababisha kutoka damu. Dawa za kuzuia kuhara, kama loperamidi, zisitumike na mtu anayeharisha damu au mwenye homa bila ruhusa ya daktari, kwani utumbo ulioumwa sana huweza kupooza na kutanuka kwa hatari.

Haki na wajibu wa mnunuzi

Mnunuzi adai risiti kwa kila kifaa, hata kama bei ni ndogo, maana bila risiti ni vigumu kurudisha mfuko unaovuja. Kwa vifaa vya umeme atazame alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Dawa na vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyochukua jina hilo mwaka 2019, nayo hupokea taarifa za dawa au kifaa kilichomdhuru mtu. Tiba asili ina Baraza lake lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na mgonjwa ana haki ya kumwuliza mganga kama amesajiliwa.

Kuna mikanda ya joto inayonadiwa minadani na kwenye simu kuwa hutibu vidonda vya tumbo, huyeyusha mafuta na kusafisha utumbo kwa siku chache. Tunasema wazi: mkanda wa joto ni mkanda wa joto. Hutuliza kama taulo la maji ya moto linavyotuliza, wala haufanyi zaidi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu manufaa ya bidhaa, na aliyedanganywa anaweza kupeleka malalamiko kwenye Tume ya Ushindani.

Daftari la mfukoni

Tunamalizia kwa ushauri usiohitaji fedha. Kila anayetumia joto kwa maumivu ya tumbo aweke daftari dogo. Humo aandike tarehe, mahali panapouma, amekwenda haja mara ngapi, kama ameona damu, na ametumia joto mara ngapi. Mara moja kwa mwezi apimwe uzito. Ikiwa ametumia joto kwa zaidi ya majuma mawili, au ameona damu hata mara moja, au uzito umepungua bila sababu, achukue daftari hilo aende nalo kituo cha afya. Ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri humpa tabibu habari ambazo mgonjwa mwenye haya hushindwa kuzitamka. Na haya ni nyingi katika maradhi ya haja kubwa, hasa pale choo ni kimoja na nyumba ina watu wengi. Wahenga walikwisha kusema kuwa mficha maradhi, kilio humfichua.

Yule mama wa mfano wetu hana haja ya kuutupa mfuko wake. Atakapokuwa amepimwa, akajua jina la ugonjwa wake na kuanza dawa yake, siku za msokoto bado zitakuwapo, na siku hizo mfuko uliovingirishwa kanga, kwa dakika ishirini, utakuwa rafiki mwema. Tunachomwomba ni kwamba usiwe rafiki yake wa pekee.